Soma Chaja Kwanza

Ukiingia dukani kutafuta laptopu ya gemu na pesa yako ni ya kuhesabu, usianze kwa kuuliza bei, wala usiulize "ni i ngapi hii?" Omba uoneshwe chaja. Igeuze, usome yale maandishi madogo mgongoni, kwenye mstari wa umeme unaotoka. Utakuta namba mbili, volti na ampea. Zizidishe. 19.5 mara 3.34 ni wati 65. 20 mara 6.75 ni wati 135. 19.5 mara 9.23 ni wati 180. Ya kwanza ni chaja ya kuandikia barua na kutazama filamu, hata kama kibodi ya mashine inawaka taa za rangi saba. Kuanzia ya pili ndipo mazungumzo ya gemu yanapoanza.

Nalisema hili mapema kwa sababu ya watu wanaofika kwenye meza yangu ya ufundi wakiwa wamekwisha kulipa. Mmoja wao alikuwa mama aliyemnunulia mwanawe laptopu baada ya matokeo mazuri ya kidato cha sita, kwa pesa aliyokopa kwenye kikundi chao cha vikoba. Walikuja pamoja. Kijana alinisalimia, "Shikamoo, fundi," kisha akanyamaza. Mama ndiye aliyezungumza: "Fundi, dukani waliniambia i7 ndiyo kubwa kuliko zote. Mbona mpira wake unaganda?" Stika ilikuwa ya kweli, i7 kabisa. Lakini nilipofungua taarifa za mashine nikakuta ni i7-7500U, prosesa yenye viini viwili tu, na hapakuwa na kadi ya grafiki. Chaja yake ilikuwa ya wati 65. Muuzaji hakusema uongo hata mmoja, na mama yule alikuwa ameshapoteza pesa yake.

Laptopu hugeuza umeme kuwa hesabu, na kila hesabu huacha joto. Gemu ndiyo kazi nzito kuliko nyingi tunazoipa, kwa kuwa kila sekunde mashine inatakiwa kuchora picha nzima mara 60 au zaidi, na kila picha ina mamilioni ya nukta. Uchoraji huo hufanywa na kadi ya grafiki. Prosesa ya gemu, ile yenye herufi H mwishoni mwa jina lake, kwa kawaida imepangiwa wati 45. Kadi ya grafiki ya kiwango cha chini kabisa kinachofaa hutaka wati 50 hivi, na zenye nguvu hufika 115 na zaidi. Ongeza kioo, feni na diski. Wati 65 zitatoka wapi kulisha wote hao? Ndiyo maana naiamini chaja kuliko stika. Kiwanda hakiwezi kuipa mashine umeme ambao chaja haina.

Hapa kuna jambo ambalo hata wauzaji wengi hawalifahamu. Kadi mbili zenye jina moja si lazima ziwe na nguvu moja. NVIDIA inapouza kadi ya laptopu kama RTX 3060, huwaachia watengenezaji wa mashine wachague watailisha wati ngapi, kuanzia 60 hadi 115. Anayetengeneza laptopu nyembamba ya kupendeza begani huchagua 60, maana mabomba yake ya shaba ya kupozea ni membamba na feni zake ni ndogo. Anayetengeneza bonge la mashine la kilo mbili na nusu huchagua 115. Kwenye stika zote mbili zinaitwa RTX 3060. Ukizicheza bega kwa bega, tofauti unaiona kwa macho. Yapo hata ya kushangaza zaidi: RTX 3070 iliyobanwa kwenye wati 80 inaweza kukaribiwa, na katika baadhi ya gemu kupitwa, na RTX 3060 iliyoshiba. Mtu aliyelipa zaidi kwa ajili ya ile 70 amelipia namba.

Kulijua hili ukiwa dukani ni rahisi. Kwenye mashine yenye kadi ya RTX 30 au ya mfululizo mpya zaidi, fungua NVIDIA Control Panel, ingia System Information, utafute mstari ulioandikwa Maximum Graphics Power. Wati zako ziko hapo. Kwa kadi za kabla ya hapo, angalia kama jina lina neno Max-Q, maana hiyo ni ishara kwamba kadi imepunguziwa chakula. Na usikubali kulinganishiwa na kadi za kompyuta za mezani. RTX 3060 ya mezani inayojulikana zaidi ina kumbukumbu ya GB 12, ya laptopu ina GB 6.

Tuchukue sasa kijana mwenye shilingi milioni moja na nusu za Tanzania. Dukani ataoneshwa majina ya ukoo: HP Victus, Acer Nitro, Asus TUF, Lenovo LOQ. Majina hayo yanasaidia kidogo tu, kwa sababu ndani ya ukoo mmoja mna kadi dhaifu na kadi kali, na sura ni moja. Muulize muuzaji kadi, si ukoo. Kwangu mimi ngazi ya chini kabisa ni GTX 1650 yenye kumbukumbu ya GB 4, iliyoanza kuuzwa mwaka 2019. Hiyo inacheza Valorant, Counter-Strike 2, GTA V na gemu za mpira bila kukuaibisha mbele ya wenzako, mradi usiweke kila mapambo juu kabisa. Kama gemu zako ni hizo, na kwa vijana wengi ninaowahudumia ndizo hizo, huna sababu ya kujikamua kutafuta zaidi.

Ukiweza kupanda ngazi, panda kwa kufuata kumbukumbu ya kadi. Picha za ardhi, nyuso na kuta za gemu hukaa humo. Ikijaa, zinazobaki hupelekwa kwenye RAM ya kawaida, ambako safari ni ndefu, na hapo ndipo gemu inapokatikakatika ghafla ingawa sekunde moja kabla ilikuwa inateleza. Ndiyo sababu, kati ya RTX 3050 mpya ya GB 4 na RTX 2060 ya GB 6 iliyotumika lakini yenye afya, ningechukua hiyo iliyotumika. RTX 2060 ina pia DLSS, ile mbinu ya kadi kuchora picha ndogo kisha kuikuza kwa akili mnemba, ambayo huiongezea mashine ya zamani miaka ya kuishi. Kadi za GTX hazina mbinu hiyo.

Upande wa chini kuna mstari nisiouvuka tena. Kadi za GTX 1050 na 1060 zimekuwa rafiki wa wanafunzi kwa miaka mingi, na bado zimejaa madukani. Lakini mwezi Oktoba 2025 NVIDIA ilisitisha kuzitolea draiva mpya za gemu, na zilizobaki ni masahihisho ya usalama tu. Mwezi huohuo, tarehe 14, Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 inadai prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Kwenye Windows 11, Valorant haifunguki kabisa kama TPM na Secure Boot havijawashwa. Kwa hiyo i7 ya kizazi cha saba, hata ikiwa na kadi, unainunua ikiwa imeshafika ukingoni. Kizazi kinasomeka kwenye tarakimu za kwanza baada ya mstari: 7500U ni cha saba, 9750H ni cha tisa, 11400H ni cha kumi na moja. Na hiyo i5-11400H, yenye viini sita, inamwacha mbali yule i7 wa mama wa vikoba.

Kuna njia moja ya mlango wa nyuma ambayo naipenda sana, nami naitumia ninapowatafutia mashine vijana wenye pesa ndogo. Ofisi za wahandisi na wasanifu majengo Ulaya na Marekani hununua laptopu nzito za kazi, huzitumia miaka mitatu au minne, kisha huziondoa zote kwa mkupuo. Sehemu yake hupitia Dubai na kutufikia. Ni mashine kama HP ZBook 15 G6, Dell Precision 5540 na Lenovo ThinkPad P53. Hazina taa za rangi. Kwa nje zinafanana na laptopu ya mhasibu, na vijana huzipita bila kuzitazama. Ndani yake mara nyingi mna Quadro T2000, kadi ya GB 4 iliyojengwa juu ya chipu ileile ya GTX 1650, ikiwa na viini 1024 kama yake. T1000 ni mdogo wake kidogo. Zina prosesa za H za kizazi cha tisa, kibodi imara, na maumbo yaliyotengenezwa ili fundi aweze kufungua na kubadilisha vitu. Kwa kuwa hazina jina la gemu, muuzaji mara nyingi huzipanga pamoja na mashine za ofisi na kuzipa bei ya ofisi.

Tahadhari yake ni moja, ila ni kubwa. Mashine iliyotoka kampuni inaweza kuwa bado imefungwa na kampuni hiyo. Kabla ya kutoa hata shilingi, izime, iwashe, uingie kwenye BIOS. Ikikuomba nenosiri ambalo muuzaji halijui, irudishe mezani na uondoke, hata akikuahidi kwamba yupo fundi wa kuifungua. Halafu uwepo Windows inapowekwa upya na kuunganishwa na intaneti. Likitokea jina la kampuni usiyoijua likikutaka uingie kwa akaunti ya kazi, mashine hiyo bado ina mwenyewe.

RAM na diski nitavipitia haraka, kwa kuwa ndivyo vitu rahisi kuongeza baadaye. GB 8 hazitoshi tena, lenga 16, na ziwe kwenye vipande viwili vya GB 8, kwa sababu vipande viwili humpa prosesa njia mbili za kupitisha data. Laptopu nyingi za bei nafuu huuzwa na kipande kimoja, nafasi ya pili iko wazi. Hakikisha tu kwamba nafasi hiyo ipo, maana nyingine RAM zake zimechomelewa kwenye bodi. Diski iwe SSD ya GB 512. GTA V pekee inakula zaidi ya GB 100. Na hapa niseme jambo ambalo washauri wa nchi zenye waya wa intaneti kila nyumba hawalisemi: kama intaneti yako ni bando la simu, kushusha gemu moja ya GB 100 ni gharama ya kuwekwa kwenye bajeti kabla hujanunua mashine. Tafuta kwanza rafiki mwenye gemu hiyo kwenye diski ya nje, au sehemu yenye intaneti isiyopimwa.

Umeme nao tuuseme. Ukikatika katikati ya mechi, laptopu haizimiki kama ya mezani, lakini usitarajie kuendelea vilevile. Betri haiwezi kutoa wati ambazo chaja inatoa, kwa hiyo kadi hupunguza mwendo papo hapo. Kama una chumba chako na umeme wa uhakika, kompyuta ya mezani itakupa nguvu zaidi kwa pesa ileile, na nitakuwa nimekudhulumu nisipokwambia. Kwa anayeishi hosteli na kuhama kila muhula, laptopu ndiyo jibu.

Ukishachagua, usilipe kabla ya nusu saa. Muuzaji wa kweli atakuruhusu. Chomeka chaja ya mashine hiyohiyo, si ya kuazima kutoka meza ya jirani, kwa sababu chaja feki yenye namba za kubandika ni jambo la kawaida na mashine hupunguza mwendo ghafla ikiigundua. Washa gemu yoyote iliyopo, na programu ya HWiNFO pembeni ikikuonesha joto. Mchana wa Dar es Salaam wa nyuzi 32 ndio mtihani unaoutaka. Ukijaribu kwenye chumba cha kiyoyozi, toka nje ya kiyoyozi. Dakika tano za kwanza hazina maana, kila mashine hukimbia ikiwa baridi. Angalia ya ishirini: kama prosesa inagonga nyuzi 95 na gemu iliyokuwa inateleza imeanza kusuasua, ndani kuna vumbi na pesti ya kupozea iliyokauka. Hilo si kosa la kuikataa mashine, ni kazi ya fundi ya saa moja, lakini lipunguzwe kwenye bei. Feni inayokwaruza, hiyo ikatae. Kisha fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, ulinganishe ujazo ambao betri iliundwa nao na ujazo iliobaki nao leo. Ikiwa imebaki nusu, hiyo nayo itaje kwenye bei.

Yule kijana na mama yake waliiuza ile i7 kwa hasara, wakaongeza kidogo, wakarudi dukani. Safari hii mama ndiye aliyeomba chaja. Aliigeuza, akavaa miwani, akamwambia mwanawe atoe simu azidishe.