Kutoka hospitali ya wilaya hadi ubingwa: mshauri anamsaidiaje daktari kuandika maelezo yake?

Msikilizaji anayeishi Handeni au Korogwe anaijua safari ya rufaa. Mgonjwa anafika hospitali ya wilaya, daktari anampima, kisha anasema: "Huyu inabidi aonwe na bingwa." Hapo familia inaanza kutafuta nauli ya kwenda Bombo mjini Tanga, KCMC mjini Moshi au Muhimbili jijini Dar es Salaam. Inatafuta pia mahali pa kufikia, na mtu wa kubaki na watoto nyumbani.

Daktari anayeandika rufaa hiyo mara nyingi ni kijana, na huenda naye anatamani kusoma awe bingwa. Kinachomchelewesha kinaweza kuwa ada, ruhusa ya mwajiri au uchache wa nafasi. Lakini kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi sana. Ni ukurasa mmoja wa maandishi ambamo anatakiwa aeleze yeye ni nani, kwa nini anaitaka fani hiyo, na atafanya nini akihitimu. Wengi hukwama hapo, kwa sababu miaka yote ya masomo walifundishwa kuandika habari za mgonjwa na hawakuwahi kufundishwa kuandika habari zao wenyewe.

Makala haya yanaeleza ukurasa huo unahitaji nini, na jinsi mshauri mzuri anavyoweza kumsaidia daktari kuuandika bila kumwandikia.

Safari ya ubingwa ikoje?

Nchini Tanzania, mwanafunzi husoma shahada ya udaktari kwa miaka mitano. Baada ya hapo hufanya kazi mwaka mmoja hospitalini akiwa daktari tarajali, chini ya uangalizi. Akimaliza na kutimiza masharti, husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na anaweza kufanya kazi kama daktari wa kawaida, kwa mfano katika Hospitali ya Magunga mjini Korogwe au katika hospitali ya wilaya ya Handeni.

Ubingwa ni hatua inayofuata. Ni shahada ya uzamili inayochukua miaka mitatu, na katika baadhi ya fani minne. Inatolewa na vyuo kama Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, chuo cha tiba cha KCMC, chuo cha Bugando mjini Mwanza na Chuo Kikuu cha Dodoma. Anayesoma huhudumia wagonjwa wodini huku akifundishwa na mabingwa, na kabla ya kuhitimu huandika tasnifu ya utafiti.

Kwa upasuaji kuna njia nyingine pia. Chuo cha Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao makuu Arusha, kinawafundisha madaktari wakiwa ndani ya hospitali zilizoidhinishwa.

Maelezo binafsi yanadaiwa wapi?

Masharti hutofautiana. Vyuo vya nchini hutazama kwanza matokeo ya shahada, vyeti, usajili na barua za wadhamini, na vingine huongeza maelezo ya mwombaji au usaili. Wafadhili wa masomo, wa ndani na wa nje, mara nyingi hutaka barua inayoeleza nia. Nchini Marekani programu za ubingwa kwa kawaida hutaka maelezo binafsi ya takriban ukurasa mmoja, na matokeo ya kupangiwa nafasi hutangazwa mwezi Machi kila mwaka. Mtanzania anayechagua njia hiyo hulazimika pia kufanya mitihani ya leseni ya nchi hiyo.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kusoma tangazo lote, mstari kwa mstari. Kama wametaka maneno 500, usipeleke 900. Kama wameuliza maswali matatu, jibu yote matatu.

Hata pale ambapo hakuna anayedai karatasi, kazi hii haipotei. Kwenye usaili utaulizwa maswali yale yale kwa mdomo, na aliyekwisha kuyaandika hupata cha kujibu.

Mshauri ni nani, na anapatikana wapi?

Mshauri ni mtu aliyekutangulia kwenye njia hiyo na aliye tayari kukuambia ukweli. Anaweza kuwa bingwa aliyekufundisha chuoni, mganga mfawidhi wako, au mwenzako aliyeanza ubingwa mwaka jana. Huyo wa mwisho wengi humsahau, kumbe ndiye anayekumbuka vizuri zaidi fomu na maswali ya usaili.

Aliyeko wilayani asidhani kwamba hana pa kuanzia. Tangu mwaka 2024 Wizara ya Afya imekuwa ikituma madaktari bingwa kwenye hospitali za halmashauri kwa kambi za siku kadhaa, wale ambao wananchi wamezoea kuwaita madaktari bingwa wa Mama Samia. Daktari wa wilaya anayefanya nao kazi bega kwa bega anaweza kuomba namba ya simu kabla hawajaondoka. Kituo cha utafiti cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kilichopo Korogwe nacho kina watu waliozoea kuandika na kusahihisha maandishi ya kitaalamu. Korogwe ilikuwa miongoni mwa vituo 11 katika nchi 7 za Afrika vilivyoshiriki jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S, lililoanza mwaka 2009.

Ukimwandikia mtu kama huyo, kuwa na adabu na uende kwenye jambo lenyewe. Ujumbe wa simu unaweza kuwa hivi: "Shikamoo Dokta. Ni mimi tuliyefanya kazi pamoja chumba cha upasuaji wakati wa kambi. Naandaa maombi ya ubingwa wa usingizi na ganzi, mwisho wake ni wiki sita kuanzia leo. Naomba dakika ishirini zako za simu, siku na saa utakayoona inafaa, nikueleze kwa nini nataka fani hii." Ujumbe wa namna hiyo unajibika kwa urahisi. Ule wa "Dokta naomba unisaidie statement" unaachwa bila jibu, kwa sababu mpokeaji hajui anaombwa nini.

Kazi yenyewe inavyokwenda

Mfano ufuatao tumeutunga ili kuonyesha hatua zenyewe. Daktari kijana wa hospitali ya wilaya ameandika hivi: "Tangu utotoni nilikuwa na ndoto ya kuokoa maisha ya watu. Mimi ni mchapakazi, mwadilifu na ninapenda kufanya kazi kwa ushirikiano."

Hakuna kosa la sarufi hapo. Lakini sentensi hizo zinaweza kuwa za mwombaji yeyote wa fani yoyote, na anayesoma mamia ya maombi hatamkumbuka mwandishi wake.

Mshauri mzuri haichukui kalamu akasahihisha. Anauliza: "Kwa nini usingizi, na si watoto au upasuaji? Ni siku gani uligundua kwamba kuna kitu hukijui? Ulifanya nini kesho yake?"

Kijana anajibu kwa ujumbe wa sauti, kwa Kiswahili, kama anavyoongea na rafiki. Anasimulia usiku aliomfanyia mama upasuaji wa kujifungua. Baada ya sindano ya mgongoni, shinikizo la damu la mama lilishuka ghafla. Yeye ndiye aliyekuwa ameshika kisu, lakini aliyemwokoa mama ni muuguzi wa usingizi aliyekaa upande wa kichwani, ambaye alijua aongeze nini na kwa kiasi gani. Daktari alisimama akisubiri. Asubuhi alimwomba muuguzi yule amfundishe, na tangu hapo wakaanza kuandika kwenye daftari shinikizo la damu la kila mama anayepasuliwa, tangu kuingia hadi kutoka.

Mshauri anamwambia: "Hayo uliyoniambia ndiyo maelezo yako. Yaandike."

Toleo la pili linaanza hivi: "Usiku ule kisu kilikuwa mkononi mwangu, lakini maisha ya mgonjwa yalikuwa mikononi mwa muuguzi wa usingizi. Nilitambua kwamba najua kupasua kuliko ninavyojua kumlinda anayepasuliwa." Msomaji sasa ameona mtu, ameona sababu ya fani, na ameona kwamba mwombaji huyu akikosea au akishindwa, hujifunza. Lile daftari nalo linaweza kuwa mwanzo wa wazo la tasnifu.

Kuna faida ya kuanza kwa Kiswahili, hata kama maombi yataandikwa kwa Kiingereza. Mtu akikimbilia Kiingereza moja kwa moja, huokota maneno makubwa aliyoyasikia kwingine. Akisimulia kwanza kwa lugha anayoiishi, ukweli hutoka, kisha tafsiri hufuata.

Baada ya hapo, matoleo matatu au manne hutosha. La kwanza ni la kisa chenyewe. La pili ni la mpangilio: nilitoka wapi, nimefanya nini, nataka nini, nitarudisha nini. La tatu ni la kupunguza maneno. La mwisho mpe mtu asiye daktari asome. Kama mwalimu wa sekondari hakuelewa sentensi fulani, iandike upya.

Siri ya mgonjwa

Hapa ndipo madaktari wa vijijini wanapaswa kuwa waangalifu kuliko wenzao wa mijini. Jijini Dar es Salaam ukiandika "mwalimu mmoja aliyekuja na kifafa cha mimba", hakuna atakayemjua. Ukiandika hivyo hivyo ukataja Mkata au Mombo na mwezi, nusu ya kijiji inamjua.

Ondoa jina, kijiji, kazi, tarehe na chochote kinachomtambulisha. Usitume kwa mshauri picha ya mgonjwa wala ya faili lake, hata kwa simu. Na kumbuka kwamba kisa ni chako cha kujifunza, lakini maumivu yalikuwa ya mtu mwingine. Usimfanye mgonjwa kuwa ngazi ya kukupandisha wewe.

Msaada ukivuka mpaka

Wapo watu mtandaoni wanaouza maelezo yaliyokwisha kuandikwa. Zipo pia programu za akili mnemba zinazotoa ukurasa mzima kwa dakika moja. Programu kama hizo zinaweza kusaidia kurekebisha sarufi pale ambapo chuo au mfadhili hajakataza. Lakini hazikuwepo wodini usiku ule. Ukiziachia kazi yote, utapata tena ile sentensi ya "tangu utotoni".

Hatari kubwa huja siku ya usaili. Mjumbe anaweza kufungua karatasi yako na kusema: "Hebu tueleze zaidi kuhusu kisa hiki." Aliyekiishi ataongea. Aliyekinunua atababaika.

Mshauri naye ana mpaka wake. Akianza kuweka maneno yake, kuongeza kazi ambazo hukufanya, au kukuambia useme ulifanya utafiti ambao hukuufanya, mshukuru kwa heshima na ukatae.

Ahadi ya kurudi

Waombaji wengi humalizia kwa kuahidi kwamba watarudi kuhudumia walikotoka. Mshauri makini atauliza: "Unamaanisha?" Bingwa hahitaji nia peke yake. Anahitaji vifaa, dawa, watumishi wenzake na kituo atakachopangiwa. Daktari wa usingizi bila mashine na oksijeni hawezi kutumia alichojifunza.

Ni afadhali kuandika ahadi ndogo inayowezekana. Kwa mfano: nitawafundisha wauguzi wa usingizi wa hospitali niliyotoka, hata kama nitapangiwa mkoa mwingine. Ahadi kama hiyo inaaminika, na mwananchi wa Handeni anaweza kuidai.

Kwa mzazi au ndugu unayemsomesha kijana, huwezi kumwandikia ukurasa huo, lakini unaweza kumwuliza maswali yale yale jioni mkiwa mmekaa: kwa nini fani hii, ulijifunza wapi, utatufaa nini? Akikujibu ukamwelewa, mwambie akaandike hivyo hivyo.