Bukavu: Kazi za kompyuta zipo, lakini matangazo hayaziiti hivyo

Kijana wa Bukavu anayetafuta tangazo lenye maneno "meneja wa mradi wa kidijitali" anaweza kumaliza mwezi mzima bila kuliona. Kazi yenyewe, hata hivyo, ipo. Inatangazwa kwa majina mengine: afisa wa ufuatiliaji na tathmini, ile ambayo mji mzima unaiita kwa Kifaransa suivi-évaluation, msimamizi wa takwimu, mhusika wa habari za afya, mfuatiliaji wa madini, msimamizi wa mawakala wa pesa za simu. Anayetoa kazi hizo si kampuni ya teknolojia. Ni hospitali, shirika la misaada, mnunuzi wa koltani, kampuni ya simu.

Hapo ndipo wahitimu wengi wa informatique wanapopotea njia. Wanatafuta ajira katika sekta ambayo mjini kwao ni ndogo mno, wakati sekta nyingine zinahitaji ujuzi wao, ila zinautaka pamoja na kitu kingine.

Tuchukue afya. Jimbo la Kivu Kusini lina zoni za afya 34. Kila mwezi vituo vya afya hupeleka ripoti kwenye ofisi ya zoni: wagonjwa wangapi wa malaria, watoto wangapi wamechanjwa, akina mama wangapi wamejifungulia kituoni. Takwimu hizo huingizwa katika DHIS2, programu iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, ambayo leo ndiyo mfumo wa kitaifa wa habari za afya nchini Kongo. Kwa kazi hiyo, muuguzi aliyejifunza programu mara nyingi ana nafasi nzuri kuliko fundi wa programu asiyejua afya. Namba ya surua ikiruka ghafla kutoka 4 hadi 40, lazima mtu ajue kama ni mlipuko wa ugonjwa au ni kidole kilichogonga sifuri moja zaidi. Kozi ya kompyuta peke yake haifundishi jambo hilo.

Kwenye madini hali ni hiyo hiyo. Sheria ya Marekani ya 2010 iitwayo Dodd-Frank, na kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika 1 Januari 2021, zinawataka wanunuzi wajue madini yanatoka wapi. Ndiyo maana magunia ya kasiterite na koltani yaliyo katika mpango wa iTSCi hufungwa lebo yenye namba. Namba hiyo huandikwa katika daftari, kisha huingizwa kwenye kompyuta na kulinganishwa na uzito uliosajiliwa hatua kwa hatua. Anayeajiriwa hapo anatakiwa kujua Excel, lakini pia awe ameshawahi kuona shimo la mgodi.

Pesa za simu nazo zina watu wao. M-Pesa iliingia Kongo mwaka 2012, na Airtel Money na Orange Money zinashindana nayo. Kazi zinazopatikana huko Bukavu haziko sana katika kuandika programu. Ziko katika kusimamia mawakala, kufuatilia salio na kutatua malalamiko ya wateja.

Kinachozitikisa kazi hizi zote si uchache wa vijana wenye ujuzi. Ni kwamba nyingi zinategemea mradi, na mradi unategemea mfadhili. MONUSCO ilimaliza kuondoka Kivu Kusini 30 Juni 2024. Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada ya kibinadamu nchini, ilisimamisha fedha zake Januari 2025, na USAID ikafungwa rasmi 1 Julai mwaka huo. Kati ya tarehe hizo mbili, mwezi wa Februari, waasi wa AFC/M23 waliingia Bukavu; benki zikafunga milango, na wenye mishahara wakaanza kuvuka mpaka kwenda Kamembe, Rwanda, kutafuta pesa taslimu. Juni 2025 Heineken ilitangaza kuwa imepoteza udhibiti wa kiwanda cha Bralima mjini humo. Kila mlango uliofungwa ulikuwa na watu wake wa mitandao, wa stoo na wa takwimu.

Matokeo yake yanaonekana katika namna nafasi zinavyoandikwa. Bajeti ikikatwa, kazi tatu hufanywa moja: mtu yule yule atengeneze fomu za simu, achambue majibu, aandike ripoti kwa Kifaransa, na ikibidi aitafsiri kwa Kiingereza kwa ajili ya mfadhili. Na bado ajue Mashi, Kihavu au Kirega, maana mama wa Walungu au Kalehe hajibu maswali kwa lugha ya ripoti. Mwenye lugha hizo ana kitu ambacho mtaalamu wa kutoka mbali hawezi kukijifunza kwa wiki mbili.

Duniani kote, Project Management Institute ya Marekani ilikadiria mwaka 2021 kuwa watu wapya milioni 25 watahitajika katika kazi za kuendesha miradi hadi 2030. Namba hiyo hupendwa sana na wanaouza vyeti. Kwa kijana wa Kadutu anayefikiria kulipa mamia ya dola kwa cheti, swali la kwanza ni kama waajiri wa Bukavu wanakitaja katika matangazo yao. Kusoma matangazo ya miezi mitatu kwenye ReliefWeb na mediacongo.net hakumgharimu zaidi ya intaneti.

Mlango wa kuingilia kwa wengi ni kazi ya kukusanya takwimu, ile ya enquêteurs. Kifaa kinachotumika sana ni KoBo, ambayo asili yake ni watafiti wa Harvard, Patrick Vinck na Phuong Pham, waliowahi kufanya utafiti kwa maelfu ya wakaaji wa mashariki mwa Kongo. Kijana hupewa simu, orodha ya vijiji na malipo ya siku. Siku tano hapa, kumi kule, kisha anangoja kuitwa tena. Wengine huishi hivyo miaka, na kwenye CV inaonekana kama kazi moja ndefu.

Sheria ya kazi ya Kongo, ya 16 Oktoba 2002, ina kifungu ambacho wengi wao hawakijui. Kifungu cha 40 kinasema anayeajiriwa siku kwa siku, akishafanya kazi siku 22 katika kipindi cha miezi 2, na akaajiriwa upya kabla miezi hiyo haijaisha, anahesabiwa kuwa na mkataba wa muda usio na kikomo. Mkataba wa muda maalum nao hauwezi kuzidi miaka 2, na unafanywa upya mara 1 tu. Mengi hapa yanategemea uthibitisho: tarehe za kila siku ya kazi, jina la mradi, ujumbe wa simu uliomwita, na risiti ya malipo. Mkaguzi wa kazi ataviomba vitu hivyo kabla ya kuuliza lolote kuhusu kompyuta.