Shoro wa Cousin na Kibundi wa Pemba

Mwaka 1968, shoro wa Shelisheli hakupatikana popote duniani isipokuwa kisiwa cha Cousin, chenye hekta 29 hivi. Videge hao hawakufika 30. Leo wamepita 2,000, wanaishi katika visiwa vitano, na hawahesabiwi tena miongoni mwa ndege walio ukingoni mwa kutoweka.

Aliyekaribia kuwamaliza hakuwa mwindaji. Cousin ilikuwa imegeuzwa shamba la minazi, na shoro hula wadudu anaowadonoa chini ya majani ya miti ya asili. Mnazi haumlishi. Ndege wakabanana kwenye kipande cha mikoko. Kisiwa kiliponunuliwa ili kihifadhiwe, miche ya minazi iling'olewa na msitu ukaachwa urudi wenyewe. Hakuna aliyewafuga ndege wala kuwalisha. Kufikia miaka ya mwanzo ya 1980 walizidi 300, kisha hesabu ikagota: kisiwa kilikuwa kimejaa.

Tunayajua haya kwa sababu karibu kila ndege alivishwa vipete vya rangi miguuni, akafuatiliwa tangu kiotani hadi kufa. Vipete vilifichua jambo zuri ajabu. Nafasi zikikosekana, binti hubaki kwa wazazi, akasaidia kujenga kiota, kuatamia na kulisha wadogo zake. Kwa kuwa Cousin ilikuwa imejaa, mwaka 1988 ndege 29 walihamishiwa kisiwa cha Aride, ambako wadudu walikuwa tele, nao wakazaliana upesi. Ilibidi wabebwe. Umbali wa kisiwa jirani cha Cousine haufiki hata kilomita mbili, lakini shoro ni nadra mno kuvuka maji.

Furaha hii ina mpaka wake. Vipimo vya vinasaba, vikilinganishwa na ngozi za ndege wa zamani zilizohifadhiwa makumbusho, vinaonyesha kwamba sehemu ya urithi wao ilipotea na haijarudi. Na jozi chache za panya zikishuka kutoka chomboni zinaweza kuharibu kazi ya miaka mingi. Mvuvi anayekagua shehena yake kabla ya kutia nanga kwenye kisiwa kisicho na panya anafanya uhifadhi wa kweli.

Nasi tuna ndege wetu wa namna hiyo. Kisiwa cha Pemba kina ninga na kibundi wasiopatikana kwingine kokote, na wote wawili wamo hatarini. Pemba si Cousin: ni makazi ya mamia ya maelfu ya watu, na hakuna mwenye akili atakayemwambia mkulima ang'oe mikarafuu yake. Wala haihitajiki. Kibundi huishi msitu wa Ngezi, lakini huishi pia kwenye mashamba ya karafuu yenye vichaka vizito, akila wadudu. Mkulima anaweza kufyeka chini ya mikarafuu wakati wa kuchuma, akabakiza vichaka vya mabondeni na mipakani. Mama anayemwogopa bundi kwa nuksi anaweza kumweleza mwanawe kuwa huyu mdogo anakula wadudu.

Kuhesabu nako kunawezekana. Kibundi hulia mlio mmoja mfupi, akanyamaza, kisha akalia tena. Mara nyingine mwenzake humjibu. Mwanafunzi wa Konde, huko Pemba, anaweza kuandika kila usiku ni wangapi wamelia na kutoka upande gani. Atahitaji daftari, saa, na ruhusa ya mzazi kukaa barazani baada ya isha.