Daktari wa Watoto Aliyeandika Hadithi



Tunapozunguka vikundi vya Gatwekera, Lindi na Laini Saba kule Kibera, na vile vya Gatina upande wa Kawangware, tunaulizwa: kikundi cha kuweka akiba na kulea mayatima kina haja gani na kitabu cha hadithi? Hadithi si za watoto wa shule? Tumeona tujibu kwa kueleza maisha ya mama mmoja ambaye kazi yake na vitabu vyake vilihusu nyumba kama hizi zetu.

Margaret Atieno Ogola alizaliwa mwaka 1958 huko Asembo, karibu na Ziwa Victoria. Alisoma Alliance Girls, halafu akasomea udaktari Chuo Kikuu cha Nairobi, akaendelea mpaka akawa daktari wa watoto. Aliolewa, akalea watoto, akafanya kazi ya hospitali, na bado akapata nafasi ya kuandika. (Akina mama wanaofua nguo Lavington kutwa nzima kisha warudi kupikia watoto wataelewa hiyo nafasi ilitafutwa wapi.) Kitabu chake cha kwanza, The River and the Source, kilitoka mwaka 1994. Mwaka uliofuata kikapata tuzo ya Jomo Kenyatta, na pia ile ya Jumuiya ya Madola kwa kitabu cha kwanza, kanda ya Afrika. Baadaye kilisomwa kwa miaka mingi katika mtihani wa kidato cha nne, ndiyo sababu nakala kuukuu bado zinapatikana kwa wauza vitabu vya mtumba.

Hadithi yenyewe ni ya wanawake wa ukoo mmoja, kutoka kwa nyanya hadi kwa vitukuu. Akoko anafiwa na mumewe, na shemeji anaanza kula mali ya nyumba kama ya kwake. Mama huyo halii tu na kunyamaza. Anafunga safari kwenda Kisumu kuipeleka kesi yake kwa serikali ya wakoloni, na anasikilizwa. Mjukuu wake, Awiti, anakuwa mwalimu. Halafu tunafika kwa Becky, binti yake Awiti, mrembo, anaruka na ndege nchi za mbali. Anakufa kwa ukimwi na kuacha watoto wawili. Katika kitabu kinachofuata, I Swear by Apollo, watoto hao wanalelewa na mjomba wao na mkewe.

Hebu fikirini ni mwaka gani huo. Mwaka 1994 watu wengi walikuwa wakisema marehemu alirogwa, au alikuwa na kifua tu. Serikali ilitangaza ukimwi kuwa janga la taifa Novemba 1999, na dawa za bure katika hospitali za umma zikaja mwaka 2006. Daktari Ogola alikuwa akiwaona wagonjwa hao kila siku. Alisimamia matibabu huko Cottolengo, nyumba ya mayatima wenye virusi hapa Nairobi. Aliyaandika yale ambayo watu walikuwa wakinong'ona matangani.

Hakuwa peke yake. Padri Angelo D'Agostino, Mjesuiti kutoka Marekani aliyekuwa daktari wa upasuaji na pia wa magonjwa ya akili, alifungua makao ya Nyumbani mwaka 1992. Mwaka 1998 ukaanza mpango wa Lea Toto, ambao ulifika Kibera na Kawangware, ili mtoto atibiwe huku akikaa na jamaa zake.

Sasa turudi kwa swali. Mtoto aliyefiwa na wazazi anapewa unga, sare na karo, na hayo ni mema. Lakini mara nyingi hapewi maneno. Anaambiwa mama amesafiri. Anaona vitu vya nyumba vikibebwa na hakuna anayemweleza. Baadaye mtoto huyo anakuwa mkali, au anakojoa kitandani, au ananyamaza darasani, nasi tunasema ati ana kiburi. Wanaotoa ushauri nasaha wanajua kwamba ni vigumu kumwuliza mtoto moja kwa moja, "Unaumwa wapi moyoni?" Ukimsomea habari za watoto wa Becky, anaweza kuuliza juu yao yale anayoogopa kuuliza juu yake mwenyewe. Mjane naye, akimsikia Akoko akidai haki, huenda akasema mbele ya wenzake kwamba hata yeye amenyang'anywa. Hapo ndipo kikundi kinaweza kumsindikiza kwa chifu kuomba barua ya kutaja warithi, kisha mahakamani. Sheria ya urithi inayomtambua mjane na watoto wake imetumika tangu 1981.

Kitabu ni cha Kiingereza, kwa hivyo mtafuteni kijana aliyemaliza sekondari awasomee kurasa chache na kuwaeleza kwa Kiswahili. Msimalize haraka. Mtu akianza kulia, mwacheni alie, na habari zake zisitoke nje ya mkutano.

Margaret Ogola alifariki kwa saratani Septemba 2011. Alikuwa amekwisha kuandika Place of Destiny, kilichotoka mwaka 2005, hadithi ya mama anayekufa kwa saratani akijaribu kuagana vizuri na watu wake. Wanaotunza wagonjwa nyumbani wangefaidika nacho sana, ingawa si chepesi kukisoma.

Akina mama wa NACWOLA, Uganda, walianza katika miaka ya 1990 kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu: ulizaliwa wapi, nani alikupa jina, babu yako alikuwa mtu wa namna gani, mimi mamako nilipenda nini. Asiyejua kuandika alimwambia mwenzake, naye akamwandikia. Hata kikundi chenye pesa kidogo kinaweza. Daftari la kawaida la shule latosha. Kila daftari lipewe mtu mmoja wa kulitunza, ambaye mtoto anamwamini, na jina lake liandikwe katika kitabu cha mkutano.