Visikizi Safarini: Namna ya Kuchagua na Kulinda Usikivu

Katika daladala, matatu na vituo vya mabasi, si jambo geni kumwona abiria aliyevaa visikizi, yaani hedifoni au eafoni, tangu anapopanda hadi anaposhuka. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa zaidi ya watu bilioni 1 wenye umri wa miaka 12 hadi 35 wamo katika hatari ya kupoteza usikivu kutokana na usikilizaji usio salama. Kwa hiyo, uchaguzi wa visikizi vya kuvaa safarini si suala la mtindo na bei peke yake. Ni suala la afya.

Sauti inavyodhuru

Ndani kabisa ya sikio, katika koklea, mna takribani seli 15,000 zenye vinyweleo. Hizi hugeuza mitikisiko ya sauti kuwa ishara zinazosafirishwa na neva hadi kwenye ubongo. Sauti kubwa huzichosha, na mapumziko huzipa nafuu. Zikielemewa mara kwa mara hufa, na kwa binadamu hazioti tena. Zinazopokea sauti nyembamba ndizo huathirika mapema. Ndiyo maana mgonjwa hulalamika kwamba anawasikia watu wakizungumza lakini hayashiki maneno, hasa penye kelele.

Madhara hutegemea mambo mawili: ukubwa wa sauti na muda wa kuisikiliza. Kwa mtu mzima, kiwango kinachokubalika ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki; kwa mtoto ni desibeli 75. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda salama hupungua kwa nusu: desibeli 83 ni saa 20, desibeli 86 ni saa 10, na desibeli 89 ni saa 5 tu. Abiria anayesafiri saa moja asubuhi na saa moja jioni kwa siku 5 husikiliza saa 10 kwa wiki. Akisikiliza kwa desibeli 89, kibali chake cha wiki nzima huwa kimekwisha Jumatano asubuhi.

Aina zipi zifaazo

Tatizo kubwa la safarini ni ushindani. Injini hunguruma, honi hupigwa, nao muziki wa gari huongezeka juu yake; msikilizaji hupandisha sauti ili kuyashinda yote hayo. Visikizi vinavyokaa mlangoni mwa sikio bila kuliziba huruhusu kelele kuingia, hivyo humshawishi mvaaji kupandisha sauti zaidi. Vile vyenye mpira laini unaoziba tundu la sikio, au vinavyofunika sikio lote, hupunguza kelele za nje na kumwezesha kusikiliza kwa sauti ya chini. Vyenye uwezo wa kufuta kelele kwa umeme hufanya vizuri dhidi ya ngurumo ya mfululizo kama ya injini, ila si sana dhidi ya mazungumzo au honi ya ghafla. Vinavyopitisha sauti kwenye mfupa huacha tundu la sikio wazi, lakini sauti yake huishia katika koklea ile ile; navyo vikipandishwa mno hudhuru.

Hata hivyo, kinachomlinda abiria aliyeketi chaweza kumwangamiza anayetembea. Mtu anayevuka barabara, anayeendesha baiskeli au bodaboda huhitaji kusikia honi na kujua inatoka upande gani. Huyo na avue visikizi vyote viwili. Kubakiza kimoja hakutoshi, kwa kuwa ubongo hutambua upande wa sauti kwa kulinganisha masikio mawili.

Usafi nao usisahauliwe. Visikizi vinavyoingia ndani ya sikio hurudisha nta nyuma na kuhifadhi unyevu, hali inayochochea maambukizi ya tundu la sikio. Vifutwe mara kwa mara, visiazimwe, na visivaliwe sikio linapouma au kutoa usaha.

Kwa watoa huduma za afya

Mgonjwa anayelalamikia mlio masikioni au usikivu hafifu aulizwe anatumia visikizi saa ngapi kwa siku, kwa sauti kiasi gani, na kama masikio huvuma baada ya kuvivua. Mlio wa namna hiyo ni onyo, hata ukitoweka baada ya saa chache. Tundu la sikio likaguliwe, kisha apelekwe kwenye kipimo cha usikivu. Usikivu unaopotea ghafla, ndani ya siku 3 au chini ya hapo, hasa katika sikio moja, ni dharura: mgonjwa apewe rufaa siku hiyo hiyo, asirudishwe nyumbani na dawa ya matone pekee.

Kwa kila msikilizaji, kanuni ni chache: sauti isizidi asilimia 60 ya uwezo wa simu, masikio yapumzishwe mara kwa mara, na visikizi vivuliwe kabla ya kushuka garini. Ikiwa jirani kitini anausikia muziki wako, sauti hiyo imezidi.