Kanga, kijana na kartushi ya baba

Huku Kasongo na Kabambare, mupunga ukipandwa, kanga wanashuka shambani kula mbegu. Baba anamupa kijana kalibri 12 yake ya zamani, na kartushi anayo ni shevrotini tu. Kosa linaanzia hapo.

Shevrotini 00 iko na risasi tisa za milimeta 8,4. Kwa nguruwe ya pori, sawa. Kwa kanga, zote tisa zinaweza kupita pembeni, zikaenda hata meta 600, na kule nyuma ya majani kuko mama anatoka mutoni.

Kanga anaombwa namba 4 ao 5, punje za milimeta 3 hivi. Gramu 28 zinatosha: kartushi nzito inapiga bega la kijana, na kesho yake anafunga macho mbele ya kufyatua.

Halafu shoki, ule mufinyo wa mudomo wa mututu. Kwa meta 36, mutumbo wazi unatia punje karibu 40 kwa mia ndani ya duara la sentimeta 75. Shoki kamili, 70. Penye mitutu miwili, kwa kawaida wa kushoto ndio umefinyana zaidi. Kijana apige kwanza karatasi kwa meta 25, ahesabu matundu.

Bunduki ya chemba 65 isipewe kartushi ya 70. Na kartushi ya kalibri 20 isichanganywe mufukoni na ya 12: inateleza, inakwama ndani ya mututu. Ukitia ya 12 nyuma yake na kufyatua, mututu unapasukia mukononi mwa mutoto.