Mama asijue mtoto yuko wapi

Jumapili tulitazama Un simple maillon, filamu inayomhusu Andrée Geulen, mwalimu wa hapa hapa Brussels aliyewaficha watoto wa Kiyahudi wakati wa vita. Mwaka 1942, wanafunzi wake Wayahudi walipoanza kufika na nyota ya njano kifuani, aliwaambia wanafunzi wote wavae aproni, nyota zisionekane. Baadaye akajiunga na kamati ya siri ya kuwatetea Wayahudi. Alikuwa na miaka 21, hana mtoto.

Kazi yake ilikuwa kubisha hodi, kumchukua mtoto na kumpeleka kwa familia au kwenye nyumba ya masista, kwa jina jipya. Mamia walipita mikononi mwake. Majina ya kweli, ya bandia na anwani viliandikwa katika madaftari tofauti, ili likikamatwa moja lisimtaje mtu. Lakini mama hakuambiwa mtoto anapelekwa wapi. Akikamatwa angelazimishwa kusema.

Hapo nilisimamisha filamu nikaenda jikoni. Mimi nilimwacha kifungua mimba wangu Bukavu kwa bibi yake miaka 4. Kila Jumamosi nilimsikia kwenye simu, na bado nililia.

Vita vilipokwisha, Geulen aliwafuata watoto wale awarudishe kwao. Wengi hawakuwa na wa kuwapokea. Alifariki 2022, akiwa na miaka 100.

Binti yangu huyo, sasa ana miaka 15, aliniuliza kama ningemtoa. Nikamwambia ndiyo. Akanyamaza, kisha akauliza wangempa jina gani.